Mzigo wa Majira ya Joto

Je, ni vema mtu kuchukua kazi nyingi kadiri anavyoruhusiwa, au kadiri anavyoweza kuitimiza? Swali hili ni la zamani, nalo huwajia kila mwaka wanafunzi wa Marekani. Huko mafunzo makubwa ya vyuo vikuu humalizika mwezi Mei au Juni, wala hayaanzi tena mpaka Agosti au Septemba. Lakini milango haifungwi yote. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, mkuu wake wa kwanza, William Rainey Harper, aliweka utaratibu wa kuugawa mwaka katika robo nne, na majira ya joto yakahesabiwa kuwa robo ya kusoma. Siku hizi vyuo vingi hufundisha katika majira hayo, na mwanafunzi huachiwa ajiamulie: somo moja, mawili, matatu, au asisome kabisa. Baadhi yetu tuna watoto na ndugu huko, nao hututaka shauri. Basi yafaa tulifikiri.

Kwanza tuupime mzigo wenyewe. Somo la kawaida lina saa 3 darasani kila juma, na kwa kila saa ya darasani hutazamiwa saa 2 za kujisomea. Hizo ni saa 9 kwa juma, na kwa majuma 15 ni saa 135. Katika majira ya joto somo lile lile huweza kufundishwa kwa majuma 6 tu. Kazi haikupungua, zilizopungua ni siku. Kwa hiyo somo moja lataka saa 22 na nusu kila juma, mawili yafuatanayo pamoja saa 45, matatu saa 67 na nusu.

Sasa tumtazame kijana afanyaye kazi ya mshahara saa 40 ili apate karo. Juma lina saa 168. Tukitoa saa 56 za usingizi, 40 za kazi, na 21 za kula, kufua na kwenda njiani, zasalia 51. Akichukua somo moja atalimaliza vizuri. Akichukua mawili, zamsalia saa 6 kwa juma zima, na homa ya siku moja yaweza kuzila zote. Matatu hayaingii kabisa.

Wako watakaosema, "Wazazi wameuza ng'ombe, kijana na afanye haraka, arudi kutusaidia." Neno hili lina haki ndani yake. Anayemaliza mapema huokoa kodi ya nyumba na chakula cha miezi mingi, na Waswahili husema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini somo lililoanguka hulipiwa mara mbili, na ng'ombe aliyeuzwa harudi zizini. Shukrani kwa wazazi hailipwi kwa mbio, bali kwa kazi iliyotimia.

Tena liko jambo lililo zito kuliko fedha. Ajiandikishaye katika somo ametoa ahadi: kwa mwalimu kwamba atasoma, na kwa watu wa kesho kwamba hati yake itasema kweli. Aliyejitwika masomo asiyoyaweza hufika usiku mmoja akiwa na insha mbili hazijaandikwa, na hapo kunakili kazi ya mwenziwe huonekana kama msaada. Wizi ule haukuanza usiku huo. Ulianza siku alipotia sahihi, naye ajua kwamba saa hazitoshi.

Lakini tusimpe mvivu kisingizio. Mwenye nguvu, asiye na kazi nyingine, aliyelipiwa na wengine, akilala miezi mitatu na kuliita pumziko hilo busara, naye pia amevunja ahadi. Kupumzika ni haki ya aliyechoka.

Kwa hiyo twaona hakuna idadi moja iwafaayo wote. Kila mmoja na aandike saa zake kwa ukweli, aziache chache kwa ugonjwa na msiba, kisha achukue masomo yanayoingia katika zilizobaki. Wazazi nao, kabla ya kuuliza, "Utamaliza lini?" na waulize kwanza, "Una saa ngapi, mwanangu?" Jibu la swali la pili ndilo litakalolijibu la kwanza.