Kunuka na Kunukia: Mti wa Barabarani na Ushahidi wa Pua

Kiswahili kina vitenzi viwili vya harufu, kunuka na kunukia, na tofauti iliyopo kati yake ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya maadili, kwa sababu kunukia ni kauli ya kutendea ya kunuka, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo linamwelekea mtu na kumfaa. Kinachonuka hunuka tu, bila kujali nani yupo. Kinachonukia humnukia mtu. Mzizi ni mmoja, na kilichoongezeka ni mpokeaji. Tofauti hii ndogo inatoa mlango wa kuingilia swali ambalo kila majira ya kuchipua hurudi katika barabara za Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani: mti wa pambo unapochanua maua meupe yenye harufu mbaya, je, kosa ni la mti, ni la pua inayoipokea harufu hiyo, au ni la aliyeupanda mahali ambapo jirani hana njia ya kuukwepa?

Mti unaozua swali hilo kuliko mingine ni mpea wa Callery, ambao wataalamu huuita Pyrus calleryana kwa kumbukumbu ya Joseph-Marie Callery, mmisionari Mkatoliki aliyeukusanya China katika karne ya 19. Mti huu haukupelekwa Marekani kwa ajili ya pambo. Mipea ya matunda ilikuwa ikiangamizwa na ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi yakaonekana kama yaliyobabuliwa na moto, na Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ikamtuma Frank Meyer kukusanya mbegu za mpea wa Kichina unaohimili ugonjwa huo, kazi aliyoifanya hadi alipofariki katika mto Yangtze mwaka 1918. Baadaye, katika kituo cha utafiti cha Glenn Dale, Maryland, ulichaguliwa mmoja wa miti iliyotokana na mbegu za China, kwa kuwa haukuwa na miiba, ulikuwa na umbo la kupendeza na ulijaa maua kabla ya majani kukomaa. Ukapewa jina la Bradford na kutolewa kwa wauza miche mwaka 1963. Miji iliupokea kwa furaha kwa sababu ilikuwa na pengo la kuziba. Buffalo, kwa mfano, ambayo Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walianza kuichorea bustani na njia za miti mwaka 1868, ilikuwa imepoteza mielmu, ile miti mirefu iliyofunika barabara kama paa, kwa ugonjwa wa kuvu ulioenea katikati ya karne ya 20, na mti unaokua upesi, usiodai udongo mzuri wala kuogopa moshi, ulionekana kuwa jibu.

Katika uteuzi huo wote jicho ndilo lililoulizwa. Pua haikuitwa barazani. Ua la mpea huu ni dogo, lina petali tano nyeupe na vichwa vya stameni vyenye rangi ya zambarau, na mtu akilitazama kwa mbali huona mti mzima kama wingu lililotua; akilikaribia, hupata shombo, harufu ileile ya samaki aliyelala bila barafu, ambayo kwa kawaida huhusishwa na kemikali za jamii ya amini, mojawapo ikiwa trimethilamini, inayopatikana pia katika samaki anayeharibika. Shombo hilo lina kazi yake. Nzi ni miongoni mwa wadudu wanaobeba chavua ya mpea, yaani unga wa kiume wa ua, na nzi hufuata dalili za uozo kama nyuki anavyofuata utamu. Kwa hiyo ua lilelile, saa ileile, hunuka kwa binadamu na humnukia nzi, na hapo ndipo sarufi ya Kiswahili inapoonekana kuwa imetangulia falsafa: ubaya wa harufu haumo ndani ya kitu peke yake, bali umo katika uhusiano kati ya kitu na mpokeaji wake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba kila pua ina haki yake, lakini hoja hiyo haitoshelezi, kwa sababu harufu ina sifa isiyopatikana katika rangi. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu chake cha anthropolojia cha mwaka 1798, alieleza kwamba harufu ni kinyume cha uhuru, kwa maana huwalazimisha waliopo kuishiriki watake wasitake. Asiyependa kuona anaweza kugeuza macho. Kant alitumia hoja hiyo kuishusha hadhi hisi ya kunusa, na hapo watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaofukiza udi na ubani nyumbani na kumpamba bibi harusi kwa vikuba vya asumini, wana haki ya kumpinga. Hata hivyo, sehemu ya kwanza ya hoja yake inabaki imara: anayepanda mti wenye harufu kali kando ya barabara ameamua kwa niaba ya pua za wengine.

Fikra za Kiislamu zimelipima jambo hili kwa mizani yenye madaraja. Katika Hadithi zilizopokewa na Imamu Muslim, aliyekula kitunguu saumu ametakiwa asiukaribie msikiti hadi harufu imtoke. Lakini, baada ya mji wa Khaybar kutekwa, watu walipodhani kwamba mmea huo umeharamishwa, Mtume alifafanua kwamba hana mamlaka ya kuharamisha alichokihalalisha Mungu, isipokuwa ni mmea ambao yeye huchukia harufu yake. Hapo panatenganishwa mambo mawili ambayo mijadala ya mijini huyachanganya. La kwanza ni karaha, yaani hali ya kuchukizwa, ambayo inatosha kumwekea mtu adabu ya mahali na wakati; la pili ni madhara, yaani hasara inayompata mwingine, ambayo ndiyo inayofungua mlango wa marufuku. Kitunguu saumu kilibaki halali, na jirani msikitini akabaki na haki yake.

Mpea wa Callery ukiwekwa kwenye mizani hiyo, hukumu inageuka kwa namna isiyotarajiwa. Harufu yake hudumu muda mfupi tu kila mwaka, nayo ni karaha. Madhara yake yalikuja kimyakimya na hayakuwa na harufu. Miti yote ya Bradford ni nakala za mti mmoja, kwa kuwa huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti teule kwenye shina la mwingine, na mti huu hauwezi kujichavusha wala kuchavushwa na nakala yake. Ndiyo maana ulidhaniwa kuwa hautazaa. Zilipoingia sokoni aina nyingine za mpea huohuo, wadudu walivusha chavua kutoka aina moja hadi nyingine, matunda madogo yakapatikana, ndege wakayala na kutawanya mbegu, na vikaota vichaka vyenye miiba katika mashamba yaliyoachwa na kingo za barabara kuu, vikiisonga mimea ya asili. Jimbo la Ohio, ambalo Columbus ni makao yake makuu, lilipiga marufuku kuuza na kupanda mti huo kuanzia Januari 1, 2023, na sababu ilikuwa kuenea kwake, si shombo lake. Wasomaji wa Kenya watakumbuka mathenge, mti ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, ambao baadaye ulifunga malisho na kuharibu meno ya mbuzi. Huo haukushtakiwa na pua ya mtu yeyote.

Kinyume chake ni mginko, mti wa China wenye majani kama upepeo, wa ukoo uliodumu duniani kwa zaidi ya miaka milioni 200. Mginko jike huangusha mbegu zenye ganda laini lililo na asidi butiri, ileile inayoipa samli iliyochacha harufu yake, na katika majira ya kupukutika mpita njia akizikanyaga hubeba uvundo huo hadi ndani ya nyumba. Karaha yake huenda ikaizidi ile ya mpea, lakini mti wenyewe hauvamii misitu wala haupasuki ovyo kama Bradford, ambao matawi yake yaliyobanana kwenye shina hukatika kwa upepo na theluji. Miji mingi imeumaliza ugomvi kwa kupanda miginko dume tu, na hilo ni adabu ya mahali, si marufuku.

Kukata kila kinachonuka kungekuwa dhuluma nyingine, kwa sababu kivuli nacho ni haki. Mjini Louisville, ambako joto la majira ya kiangazi huwaelemea zaidi wakazi wa mitaa yenye miti michache, mradi wa Green Heart ulipanda miti na vichaka takriban 8,000 katika mitaa ya kusini, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kipimo cha damu kinachoashiria uvimbe wa ndani wa mwili kilikuwa chini kwa asilimia 13 hadi 20 kwa wakazi wa eneo lililopandwa, wakilinganishwa na wenzao wa maeneo yasiyopandwa. Katika miji hii mitatu wanaishi pia wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, wengi wao wapangaji waliozikuta barabara zimeshapandwa, ambao kivuli na shombo viliwafikia pamoja bila wao kuulizwa.

Basi pua ina nafasi yake katika hukumu, lakini nafasi hiyo ni ya shahidi, si ya kadhi. Ikisema kwamba mti unanuka, imesema kweli kuhusu yenyewe, na ushahidi huo unamwajibisha mpandaji kuwauliza watakaoishi chini ya matawi kabla ya kuchimba shimo. Haumpi mtu yeyote hoja ya kutosha ya kushika shoka. Kosa la waliouchagua Bradford halikuwa kwamba waliisahau pua tu. Waliliamini jicho, likawaambia kwamba mti huo hauna miiba, na mbegu zake zimeirudisha.