Mto Uliolipiwa

Kuna mji mdogo mashariki mwa California unaoitwa Lone Pine. Wakazi wake ni kama 2,000, idadi ambayo ploti chache za Pipeline zinaweza kuimeza bila shida. Mji wenyewe uko katika bonde la Owens, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Magharibi kuna milima ya Sierra Nevada, na kilele cha Whitney chenye mita 4,421. Mashariki kuna milima ya Inyo. Mawingu kutoka Bahari ya Pasifiki humwaga karibu kila kitu yakipanda Sierra, kwa hivyo yakivuka upande wa bonde hayana kitu tena. Mvua huko ni ya kuhesabu. Lakini theluji ya mlimani ikiyeyuka, vijito hushuka na kuingia Mto Owens, na zamani mto huo uliishia kwenye ziwa kubwa kusini mwa mji.

Mto huo ulinunuliwa. Haukuibwa usiku wala kutwaliwa kwa bunduki. Ulinunuliwa kwa hati na sahihi, na pesa zikalipwa.

Sijafika huko. Hadithi ya bonde hili nimeisoma kwenye simu, usiku, wakati mgao ulikuwa umetuacha siku tatu bila maji mtaani na mtungi wa lita 20 ukafika shilingi 50. Na swali lililonikosesha usingizi ni hili: kama kila aliyeuza alilipwa, kosa liko wapi? Au hakuna kosa?

Tuanze na kilichotokea. Mwaka 1900 Los Angeles ilikuwa na watu kama laki moja, na ilikuwa ikikua mbio. Maji ya kule hayangetosha. Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya, na William Mulholland, mhandisi wa maji wa jiji, wakaliona bonde la Owens. Kufikia 1905 Eaton alikuwa amezunguka huko akinunua mashamba na haki za maji. Wakulima wengi walidhani anawafanyia kazi serikali kuu, iliyokuwa na mpango wa kuwajengea mifereji ya umwagiliaji. Ukweli ulipotoka gazetini, hati zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Tarehe 5 Novemba 1913 maji ya bonde yalifika Los Angeles kupitia mfereji na mabomba ya takriban kilomita 375. Pampu haikuhitajika, maji yaliteremka yenyewe.

Utetezi wa jiji ni rahisi, na ukweli usemwe, una nguvu. Watu wa bonde walikuwa maelfu machache. Watu wa jiji walikuwa malaki, halafu mamilioni. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliunga mkono mradi huo kwa hoja hiyohiyo: maji yatawafaa wengi zaidi yakienda jijini. (Ndiye huyohuyo aliyeshuka Mombasa 1909 kuja kuwinda wanyama wetu.) Mimi ni mtu wa mjini. Ukipiga hesabu ya vichwa, niko upande unaoshinda, na nikifungua mfereji jikoni sitaki mtu anihubirie.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina profesa wa kumtaja hapa. Lakini hebu tuiangalie hii biashara polepole, kama vile mama mboga anavyoangalia noti ya elfu.

Mkulima mmoja akiuza shamba lake, ameuza chake. Sawa. Lakini mashamba ya bonde lile yalitegemea mifereji ya pamoja. Wakulima kadhaa walichimba mfereji mmoja, wakausafisha pamoja na kugawana gharama. Miaka ya 1920, jiji liliporudi kununua zaidi, lilinunua hapa na kuruka pale, kama vyumba vya drafti. Aliyebaki katikati alijikuta na mfereji mrefu wa kutunza peke yake. Hakulazimishwa kuuza. Alikuwa huru kukataa, ila kukataa kulizidi kuwa ghali kila jirani aliposaini. Na mwenye duka je? Mwalimu? Fundi wa mikokoteni? Wao hawakuwa na shamba wala haki ya maji ya kuuza. Walikuwa na mji tu. Mji haukuwa na hati, kwa hivyo hakuna aliyeulizwa bei yake.

Hapo ndipo naona kosa la kwanza. Kila dili moja moja lilikuwa halali, lakini ukizijumlisha zote, kitu kiliondoka ambacho hakuna mtu alikiuza.

Novemba 1924 watu wa bonde waliteka milango ya maji ya Alabama Gates, karibu na Lone Pine, wakayarudisha maji mtoni. Walikaa hapo siku nne. Familia zilikuja na chakula, nyama ikachomwa, ikawa kama sherehe. Mapema mwaka huohuo mfereji ulikuwa umelipuliwa kwa baruti. Kisheria walikuwa wanaharibu mali ya wengine. Nikijaribu kuwalaumu, nashindwa.

Lakini pia nashindwa kuwafanya malaika. Kabla ya wakulima hao, bonde lilikuwa la Wapaiute, ambao huliita Payahuunadü, mahali maji hutiririka. Walikuwa wamechimba mifereji yao na kumwagilia mimea ya mizizi waliyokula, miaka mingi kabla ya mzungu wa kwanza kuleta ng'ombe. Mwaka 1863 jeshi liliwakusanya mamia kwa mamia na kuwatembeza kwa miguu hadi Fort Tejon, mbali kusini. Wengi walirudi baadaye, wakafanya kazi kama vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao. Kwa hivyo mkulima aliyelia 1924 kwamba jiji limemnyang'anya maji, naye alikuwa amekalia maji ya mtu. Hilo halimpi jiji haki. Linatuonyesha tu risiti ni kitu gani: inasema nani alimlipa nani. Haisemi nani aliachwa nje ya chumba.

Kisha kuna ambao hawakuwepo kabisa. Kufikia 1926 ziwa lilikuwa limekauka. Upepo ukaanza kuinua vumbi la chumvi kutoka sakafu yake, mpaka likawa mojawapo ya vyanzo vibaya zaidi vya vumbi Marekani nzima. Mtoto aliyezaliwa Lone Pine 1980 alivuta vumbi la mkataba wa 1905. Yeye alisaini wapi? Baada ya kesi nyingi jiji lililazimika kulituliza vumbi, na limeshatumia zaidi ya dola bilioni 2. Unaona? Kumbe bei haikuwa imeisha.

Nairobi hatukununua mto. Kwa Katiba yetu ya 2010 mito ni ya umma, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Murang'a si jangwa pia. Lakini sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka bwawa la Ndakaini, na handaki la kilomita 11.8 limechimbwa chini ya vilima kuyaleta huko maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Viongozi wa Murang'a wamedai wagawiwe pesa za maji hayo, na mjini wengi tuliwacheka kama watu wa tamaa. Mimi sicheki tena.

Nilipofika ni hapa. Malipo hufanyika siku moja, lakini maji huchukuliwa kila siku, hata asubuhi hii wakati unasoma. Kitu kinachochukuliwa kila siku hakiwezi kumalizwa na sahihi ya siku moja. Wengi wana haki ya kunywa, sikatai. Lakini wingi wetu hautupi haki ya kumwambia aliye juu mlimani kwamba alishalipwa, anyamaze. Anastahili kiti mezani mwaka huu, na mwaka ujao, na mwanawe baada yake: kusema mto umeshuka, kusema punguzeni, na kusikilizwa hata kama wao ni 2,000 na sisi ni mamilioni.

Kwa hivyo mwanasiasa akija tena kutuahidi maji ya kutoka huko juu, usimuulize tu yatafika lini. Muulize watu wa huko wakisema yamepungua, nani atalazimika kuwasikia.