Mji wa Wazee na Watoto

Somo: Zekaria 8:1–9



Mwaka 518 kabla ya Kristo, Yerusalemu ulikuwa bado umejaa vifusi. Waliorudi kutoka Babeli walikuwa wakijenga upya hekalu, na ukuta ungengoja mpaka siku za Nehemia. Watu wa mji usio na ukuta wangefurahi kuahidiwa malango na jeshi. Nabii Zekaria anawapa ahadi nyingine: wazee, wake kwa waume, watakaa tena njiani na mikongojo yao, na njia hizo hizo zitajaa watoto wanaocheza.

Basi mji wenye amani Mungu anaupima kwa mkongojo wa ajuza na mchezo wa mtoto. Wao wakipita salama, kila mtu atapita.

Tupime na mitaa yetu ya Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, barabara ile ilipata pia njia za waenda kwa miguu. Lakini shuka kituoni uingie mtaani. Mfuniko wa mtaro umeng'olewa, umeuzwa chuma chakavu. Bodaboda imepanda njia ya miguu kukwepa foleni. Kwenye zebra bibi kanyoosha mkono, daladala ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inampigia honi. Anaomba kama hisani kitu ambacho sheria imekwisha kumpa. Kijana ataruka mtaro na kukimbia; bibi atabaki nyumbani, na ibadani tutasema siku hizi haonekani.

Jumapili nayo, magari yetu hujaa mbele ya kanisa mpaka ukingoni, na aliyekuja kwa miguu analazimika kuingia barabarani ili alifikie lango la Bwana.

Wiki hii, simama kwenye zebra hata wa nyuma wakipiga honi. Egesha mbali kidogo. Mtaro ulio wazi upeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ufuatilie mpaka ufunikwe. Wasikilizaji wa Zekaria nao waliona ahadi ile ni kubwa mno. Mungu akawaambia kwake haishindikani, kisha akawataka watie mikono nguvu wajenge.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kumwona anayetembea, na mikono ya kumtengenezea njia. Amina.