Shafti Iliyogeuzwa na Haki ya Mteja Kuambiwa

Shafti ya mbele ya Subaru ya zamani, kama zile zinazokula vumbi la Kiyeyi wilayani Tororo, Uganda, huanza kufa mpira wake ukipasuka. Grisi hutoka, mchanga huingia, na gololi za kiungo cha nje huanza kuchimba chuma. Dereva akikata kona hadi mwisho, gurudumu hulia ta-ta-ta.

Dawa kamili ni kuweka shafti nyingine. Hufunguliwa nati kubwa ya katikati ya gurudumu, mkono wa chini ukaachishwa, kisha ikagongwa pini inayoshika upande wa gia. Pini hiyo inataka subira, kwa sababu matundu yake hulingana kwa mkao mmoja tu. Lakini mafundi wana njia ya mkato. Shafti za mbele za matoleo mengi ya zamani zinafanana, hivyo ya kushoto huhamishiwa kulia na ya kulia kushoto. Gololi sasa husukuma upande ambao haujalika, na kelele hupotea kwa muda.

Je, fundi akigeuza hivyo kisha akanyamaza, amedanganya? Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, alilijadili swali la namna hii mwaka 44 KK: mfanyabiashara anafikisha nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, akijua meli nyingine ziko njiani. Awaambie wanunuzi? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alikataa, na Cicero akamuunga mkono Antipater. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilegeza kuhusu bei itakayoshuka kesho, ila kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa alitaka itajwe. Fiqhi ya Kiislamu nayo humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye kasoro. Katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Imam Muslim, Mtume Muhammad aliingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone.

Hoja ya Aquinas na ya hadithi ndiyo inayoifaa gereji, kwa kuwa kiungo kimefunikwa kwa mpira na grisi na mteja hana jinsi ya kukiona. Kugeuza kwenyewe si kosa. Mwenye gari asiye na hela ya shafti akielezwa kwamba kelele itarudi, naye akakubali, amesaidiwa kwa haki. Asipoelezwa, fundi amemdanganya, hata kama gari limetoka gereji likiwa kimya.