Mtoto wa Rumonge na Aya ya 256



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Nimeombwa niandike darsa fupi juu ya yale waliyotuachia wanazuoni wetu kuhusu uhuru wa dini na kuvumiliana. Nilikubali haraka, maana kila anayesoma masomo ya Kiislamu ana kurasa zake za mada hii kwenye daftari: Sahifa ya Madina, ujumbe wa Najran, Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia Baytul Maqdis. Unazikariri, unazijibia mtihani, unapita. Kisha nikaenda likizo nyumbani Rumonge, na huko nikaulizwa swali ambalo daftari halikunitosha.

Tuanze na kisa cha zamani cha mji wetu, maana wengi wa rika langu tuliokulia pale hatukisikii isipokuwa kwa majirani Wakatoliki. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadre Weupe, walifika Ujiji, na mwaka huo huo wakafungua kituo Rumonge, cha kwanza katika nchi ambayo leo ni Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa hapo hapo na watu wa Bikari. Kituo kikaachwa. Waliowaua hawakuwa Waislamu, na hilo nalisema mapema kwa sababu nimewahi kulisikia likisimuliwa vingine. Wanaoandika tukio hilo hutaja ugomvi juu ya mtoto. Mtoto aliyekuwa akilelewa na misheni alichukuliwa na watu wa Bikari, mapadre wakamdai, silaha zikatolewa.

Mtoto mmoja, ndugu zangu. Upande huu wanasema ni wetu, tunamlea. Upande ule wanasema ni wetu, ni damu yetu. Yeye mwenyewe alitaka nini, hilo halikuandikwa.

Na kabla hatujawanyooshea kidole mapadre kwamba walikusanya watoto wa watu ili wawabatize, tukumbuke walikowapata wengi wao. Waliwakomboa kwa fedha kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa. Ujiji ilikuwa soko, na waliokaa kwenye soko lile wakiuza binadamu wengi walikuwa watu wanaoswali swala tano, wanaozungumza Kiswahili chetu hiki. Siandiki haya ili kumfurahisha mtu. Naandika kwa sababu mtu hawezi kulalamika kwamba mtoto amelelewa katika dini ya mwingine akasahau ni nani aliyemnyang'anya mama yake.

Sasa kisa cha pili, cha kwetu nyumbani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alioa binti Mkatoliki kutoka milimani juu ya mji. Ndoa ilifungwa kisheria, kwani Suratul Maida inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab. Wakapata mtoto wa kiume. Mjomba akafariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mkazamjomba akakaa eda yake kwa heshima, mama yangu ni shahidi, kisha akarudi kwa wazazi wake na mwanawe. Sasa mtoto ana miaka minane, ana jina la ubatizo, na kila Jumamosi huenda kwenye mafundisho ya kanisani.

Nilipofika likizo nilikuta kikao kimeshaitishwa. Mjomba mkubwa, ambaye ndiye mzee wa ukoo, aliniweka karibu naye kwenye mkeka. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye tuliyemsomesha. Tupe dalili, kesho tupande gari tukamchukue mtoto wa ndugu yetu." Hakusema nichunguze kama kuna dalili. Alitaka zile za kwendea.

Niseme kweli: dalili hizo zipo, na nilizijua. Jumhuri ya mafakihi wanasema mtoto wa baba Mwislamu anahesabika Mwislamu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi na wale wa Hanbali wanashurutisha kwamba mwenye ulezi wa mtoto huyo awe Mwislamu. Ningeweza kuyasema hayo mawili tu nikanyamaza, na gari lingepanda mlima asubuhi. Kwenye kikao cha kwanza nilikaribia kufanya hivyo. Niliomba siku mbili nisome.

Nikarudi kwenye aya tunayoitaja kila tunapotaka kuwaonyesha Wakristo uzuri wa dini yetu, aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Tunaitaja sana, ila ni wangapi kati yetu tumewahi kusoma sababu ya kushuka kwake? Imam Abu Dawud (aliyefariki mwaka 275 H) ameipokea katika Sunan yake kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Kabla ya Uislamu, mwanamke wa Madina ambaye watoto wake walikuwa wakifa aliweka nadhiri kwamba akipata mtoto atakayeishi, atamfanya Myahudi. Watoto wakaishi, wakalelewa na Mayahudi, wakakulia katika dini yao. Ulipofika mwaka wa 4 H na kabila la Banu Nadhir kuamriwa kuhama Madina, ndani ya msafara walikuwemo watoto wa Ansari. Wazazi wakasema hatuwaachi watoto wetu. Ndipo aya ikashuka.

Nilikaa na riwaya hiyo usiku mzima. Aya tunayoitumia kwenye midahalo ilishuka juu ya watoto. Iliwashukia wazazi Waislamu, maswahaba, watu wa Madina wenye nguvu wakati huo, waliokuwa na uchungu wa kweli na hoja ya damu mkononi. Imam Tabari (aliyefariki mwaka 310 H) anaongeza riwaya nyingine, ya Ansari mmoja wa Banu Salim bin Awf ambaye wanawe wawili walikuwa Wakristo, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama awalazimishe. Jibu likawa aya hiyo hiyo.

Wapo waliosema aya hii imefutwa na aya za jihadi, na wapo waliosema inawahusu Ahlul Kitab peke yao. Tabari mwenyewe aliona haikufutwa, na kwamba inawahusu wale wanaoruhusiwa kubaki katika dini yao kwa mkataba. Nayataja haya ili msije mkakutana nayo kwenye mdahalo mkadhani mlifichwa. Ila hata kwa rai iliyo finyu kuliko zote, mjane Mkatoliki wa milima ya Rumonge yumo ndani.

Riwaya ya pili ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Abu Dawud na Nasai wamepokea kisa cha Rafi bin Sinan (r.a.). Yeye alisilimu, mkewe akakataa, nao walikuwa na mtoto mdogo. Kila mmoja akamdai. Mtume (s.a.w.) akamkalisha baba upande mmoja na mama upande mwingine, akamweka mtoto katikati, akawaambia wamwite. Mtoto akaelekea kwa mama. Mtume akaomba dua Allah amwongoze. Mtoto akaelekea kwa baba, naye akamchukua.

Kwenye kikao cha pili nilizisoma zote mbili. Mjomba mkubwa si mtu wa kuchezewa. Aliisikiliza ile ya Rafi mpaka mwisho, akapiga paja: "Si umeona? Mtoto alikwenda kwa baba! Basi twende." Wazee wakacheka, nami nilitahayari, kwa sababu kwa upande mmoja amesema kweli. Mafakihi wa Kishafi wanaisoma hivyo hivyo, kwamba dua ya Mtume inaonyesha mtoto anastahili kubaki na Mwislamu. Wahanafi wameisoma vingine, wakampa mama asiye Mwislamu ulezi mpaka mtoto afike umri wa kufahamu dini.

Nikamjibu, "Mjomba, aliyekuwa na uwezo wote pale ni Mtume. Kama ni kuchukua, angemchukua kwa neno moja, na hakuna ambaye angempinga. Mbona alimwacha mtoto atembee kwa miguu yake? Na alipoona anakwenda kwa mama, hakumrudisha. Aliinua mikono kwa Mola wake." Akaniangalia. "Kwa hiyo tukae tuombe dua?" Nikasema ndiyo, na tumwalike.

Akasema chuo kimenilainisha.

Nimelifikiria sana neno hilo, na nataka kulijibu hapa kwa kuwa najua wapo wasomaji watakaoona vile vile. Sisi Waislamu wa Burundi tunajua maana ya kunyang'anywa mtoto kwa njia ya dini. Wakati wa Wabelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi Waislamu waliwazuia watoto wao wasiende, wakihofia watarudi na msalaba shingoni. Gharama yake tunailipa mpaka leo, hesabuni tu Waislamu waliokuwa na vyeti nchi ilipopata uhuru. Babu zetu walilia kwamba mtu asitumie shule kuwageuza watoto. Kilio kile kilikuwa cha haki. Sasa mimi nipande mlima na wanaume sita kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake, nitakuwa nimekiheshimu kilio kile au nimekigeuza?

Wala tusidhani wenye mamlaka kumbana mtu dini yake ni hao wengine tu. Someni Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, alitiwa gerezani Unguja na Sayyid Barghash kwa sababu ya ugomvi wa Sunni na Ibadhi, akatolewa Barghash alipofariki mwaka 1888. Mwislamu kamfunga Mwislamu, tena mwanachuoni. Mlango wa kulazimishana ukifunguliwa hauchagui nani apite.

Yapo pia maandishi yanayopendeza. Ibn Is'haq anasimulia kwamba Wakristo wa Najran walipofika Madina, wakati wa ibada yao ulipoingia, Mtume (s.a.w.) aliwaacha waswali ndani ya msikiti wake, wakielekea mashariki. Kisa cha Sayyidna Umar kukataa kuswali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, akichelea Waislamu wasije wakalidai baadaye, kimeandikwa na Mkristo, Said bin Batriq, patriaki wa Iskandaria aliyefariki mwaka 940. Yaani walioamini adui hawezi kuwasifu walisifiwa naye. Visa hivi tunavipenda kwa sababu ndani yake sisi ni wakarimu na hatupotezi kitu. Msikiti unabaki wetu. Ile ya watoto wa Ansari ni nyingine. Baba alisimama akauona msafara ukiondoka na mwanawe yumo ndani, na aya ilikuwa pamoja na msafara.

Ndugu yangu unayesoma, huenda huna mtoto wa kugombania. Una mwenzako wa chumbani ambaye amebadilika, au dada yako ameanza kuvaa na kusema vingine, au unayempenda hayuko katika dini hii. Unazo nguvu zako ndogo ndogo: ada unayomlipia, simu usiyompokea, jina lake unalolitaja mbele ya watu. Suratu Yunus, aya ya 99, imemuuliza Mtume mwenyewe kama yeye atawalazimisha watu mpaka waamini. Kama swali hilo liliulizwa kwake, sisi ni akina nani?

Kikao hakikumalizika kwa makubaliano. Kilimalizika kwa adhana ya Magharibi. Siku ya pili mama yangu hakumwuliza mtu. Alichukua dumu la mawese na kifurushi cha ndagala akapanda gari peke yake kwenda kwa wifi yake. Walilia pamoja, alinieleza baadaye, wakamtaja marehemu, wakala. Akaomba mtoto aje kula Idi na ndugu zake. Mkazamjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mtarudisha? Mama akaapa.

Alikuja. Alikaa siku tatu, akavaa kanzu fupi ya binamu yake, akaenda nasi uwanjani, akasimama safu ya watoto akinitazama mimi kwa pembeni ili ajue wakati wa kuinama. Mama alipofua suruali yake alikuta rozari mfukoni. Aliishika kidogo, akaianika pamoja na suruali, ilipokauka akairudisha mfukoni. Siku ya nne nilimpeleka mwenyewe mlimani. Mama yake alikuwa amesimama njiani tangu saa mbili asubuhi.

Mjomba mkubwa hajaniita tena kwenye kikao. Salamu anaitikia. Likizo ijayo, inshallah, nitakwenda kwake na hizo riwaya mbili tuzisome tena, kwa kuwa ile ya Rafi bado anaidai. Mniombee.

Wabillahi tawfiq.