Hila na Hadaa

Maneno mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni moja, na kwa kosa hilo watu wema hulaumiwa na waovu husifiwa. Maneno hayo ni hila na hadaa. Nitajaribu kuyatenganisha kwa habari ya mchezo.

Mchezo wenyewe huitwa Hex. Piet Hein wa Denmark aliutoa mwaka 1942, na miaka michache baadaye John Nash akaubuni peke yake huko Marekani. Ubao wake una vyumba vya pembe sita vilivyoshikana kama sega la asali. Kila mchezaji ana pande mbili zinazokabiliana, naye hutia kete moja kwa zamu, mpaka mmoja aziunge pande zake kwa mstari usiokatika. Kete iliyowekwa haihamishwi wala hailiwi. Sare haipo, maana hakuna awezaye kumzuia mwenziwe kabisa ila kwa kuikamilisha njia yake mwenyewe.

Katika mchezo huo imo hila iitwayo daraja. Mchezaji huacha pengo kati ya kete zake mbili, lakini pengo hilo lina vyumba viwili, na kila kimoja chatosha kuziunga. Mpinzani akiingia kimoja, yeye huingia cha pili. Ni kama mtu wa Kangemi aendaye katikati ya Nairobi: Waiyaki Way ikizibwa huko Westlands, hushika James Gichuru Road akapitia Lavington. Atakaye kumzuia sharti azibe njia zote mbili kwa mara moja, na katika mchezo hakuna apewaye zamu mbili pamoja.

Siku moja nilicheza na mdogo wangu nyumbani kwetu Kangemi, kwa vifuniko vya soda juu ya karatasi niliyoichora. Aliona pengo kati ya vifuniko vyangu, akacheka, akaingia. Nikaunga upande wa pili. Akaingia pengo jingine, nikaunga tena. Alipotambua kuwa ameshindwa aliisukuma karatasi, akalia, "Kaka, wewe ni mtu wa pata potea!"

Neno hilo lilinichoma, na sababu yake ni hii. Mwezi mmoja kabla ya siku ile mama yetu, ambaye huuza mboga sokoni, alinipa karo niipeleke shuleni. Nilipita katikati ya mji, nikakuta watu wamezunguka karata tatu. Mtu mmoja aliweka fedha akashinda, akaweka tena akashinda. Sikujua kuwa ni mshirika wa mwenye karata, wala kuwa karata niliyoifuata kwa macho imekwisha kubadilishwa kwa wepesi wa vidole. Fedha zote zilikwenda. Nyumbani nilisema nimeibiwa katika matatu.

Je, mdogo wangu alinena kweli? Daraja na pata potea hufanana kwa sura, maana katika zote mbili mtu hudhani anashinda kumbe anashindwa. Kwa asili hazifanani. Vifuniko vyangu vyote vilikuwa mbele ya macho yake, na sheria ilikuwa moja kwetu sote. Kilichomshinda ni kutofikiri mbele. Mwenye karata huficha karata, huficha mshirika wake, na sheria ya kweli huijua yeye peke yake.

Kipimo chepesi cha kuzitambua ni kuzifundisha. Hila ya haki ikifundishwa mchezo hustawi, kwa kuwa wote wawili hucheza vizuri zaidi. Hadaa ikifundishwa hufa siku hiyo hiyo, kwani nani atatoa shilingi yake mbele ya karata ambazo siri yake anaijua? Basi ajuaye daraja akamnyima anayejifunza, ili amshinde daima, hajavunja sheria, lakini amekwisha kusogea upande wa hadaa.

Nilipojipima kwa kipimo hicho niliona aibu mara mbili. Daraja sikumfunza mdogo wangu. Na habari ya matatu niliyompa mama ilidumu kwa sababu tu hakuijua kweli. Nilihadaiwa mjini, nami nikaja kuhadaa nyumbani.

Jioni ile nilimwonyesha mdogo wangu vile vyumba viwili, akavitazama muda mrefu, kisha akatabasamu. Nikaenda jikoni nikamweleza mama mambo yote. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga, nami nikakaa kando yake nikachambua. Likizo nzima nilikaa naye sokoni mpaka karo ikapatikana tena. Mdogo wangu sasa hunishinda mara nyingi, na kwa daraja lile lile.

Ewe kijana, katika mashindano ya haki tumia akili yako yote, wala usione haya kuitwa mwerevu. Lakini kabla ya kuufurahia ushindi, jiulize kama waweza kumweleza uliyemshinda jinsi ulivyomshinda, huku ukimtazama usoni.