Ahadi na Deni: Kesho Mbili za Disney

Makala hii inakusudia kulichunguza swali la kimaadili: je, anayeahidi kesho isiyotimia ni mwongo? Mfano wetu tumeutoa katika bustani mbili za burudani zenye asili moja. Bustani ya Disneyland, California, ilipofunguliwa Julai 1955, ilikuwa na sehemu iitwayo Tomorrowland, yaani Nchi ya Kesho. Kesho hiyo ilitajiwa mwaka wake: 1986. Palisimama roketi iliyodhaniwa kuwa ya kuwabeba abiria hadi mwezini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kesho hiyo ilijengwa upya mwaka 1967, miaka 19 kabla ya siku yake kuwadia.

Bustani-dada, iliyofunguliwa karibu na Paris Aprili 1992, iliikwepa aibu hiyo. Mahali pa Tomorrowland pana Discoveryland, ambayo haikukusudiwa kuonyesha wakati ujao wenyewe, bali jinsi watu wa karne zilizopita walivyouwaza, hususan Jules Verne. Safari ya mwezini iliyozinduliwa huko mwaka 1995 ilianzia katika mzinga, kama ilivyo katika riwaya yake ya 1865. Kesho ya namna hii haichakai, maana imekwisha kuwa jana.

Yamkini msomaji atasema kwamba Paris ndiyo yenye uaminifu zaidi, kwani inakiri kuwa siku zijazo ni zao la ubunifu. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Asiyeahidi hadaiwi, lakini kutodaiwa si sawa na kulipa. California ilitaja mwaka, nasi tukapata haki ya kuihoji: 1986 ilifika bila abiria hata mmoja kwenda mwezini. Paris haihojiki, na kwa sababu iyo hiyo, haitumainiwi.

Kosa la California, basi, si kukosea. Kosa ni kuifuta hati ya deni na kuandika nyingine pasi na kukiri. Tena mwaka 1998, ilipoazima rangi za shaba na dhahabu kwa mfano wa Paris, mdeni alijificha nyuma ya ndoto za marehemu.

Funzo hili linamhusu mhakiki pia. Kazi ya fasihi inayothubutu kuichora kesho huenda ikakosea. Tusiidharau kwa hilo pekee. Tuulize kama mtunzi alikubali kudaiwa, na deni lilipoiva, kama alisimama kulikiri.